Kazi na Furaha za Kipupwe katika Kaya ya Nyegezi

Mwalimu afundishaye katika nchi za Ziwa hupata shida ndogo kila afikapo katika somo la majira. Kitabu chataja majira yale ambayo huko Ulaya nafaka hukatwa, matunda huwekwa ghalani, na majani ya miti hupukutika. Na baadhi ya wafasiri wameyaita vuli. Lakini mtoto wa Nyegezi asikiapo neno vuli hawazi mavuno hata kidogo. Kwake yeye vuli ni mvua za kwanza za Oktoba na Novemba, jembe begani, mbegu kikapuni, na chakula kinachopungua nyumbani. Majira ya kuvuna na kuweka akiba katika ukanda wa Mwanza ni kipupwe pamoja na kiangazi kikifuatacho, yaani tangu mwisho wa Mei hata Septemba, mvua ikiisha kukatika, usiku ukiwa na baridi, na nyasi zikianza kugeuka rangi. Mfasiri akitaka kumpa mtoto huyu picha ya kweli, hana budi kumwonyesha mtama uliokatwa, wala si majani ya miti.

Tumekusudia kueleza hapa kazi za miezi hiyo katika kaya ya Kisukuma, pamoja na furaha zake ndogo ndogo. Wala hatufanyi hivyo kwa ajili ya tafsiri peke yake. Miezi hiyo imesingiziwa. Wageni wengi, maofisa wa serikali na hata baadhi ya wamisionari, waliona watu wakicheza ngoma mchana wa Julai, jembe limetundikwa ukutani, wakadhani ya kuwa wameona uvivu. Msafiri naye hupenda kupita wakati njia ni kavu. John Hanning Speke mwenyewe alifika kuliona Ziwa upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, katikati ya majira haya. Basi aliyepita wakati huo aliona mashamba matupu na watu wamekusanyika, asijue kwamba ndiyo miezi ambayo kaya ilijipimia mwaka mzima.

Nyegezi iko kusini mwa mji wa Mwanza, ukingoni mwa ghuba iingiayo bara. Atazamaye kutoka majini huiona nchi kwa ngazi. Juu ni majabali makubwa yaliyopandana, ambayo ndiyo alama ya nchi yote ya Mwanza. Chini yake ni udongo mwepesi wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Na bondeni kabisa ni udongo mweusi mzito wa mbuga. Ngazi hizo ndizo zilizopanga kazi. Katika luseni walilima karanga, njugu mawe, mihogo na viazi vitamu. Mtama ulipata nafasi yake pale palipokuwa na rutuba zaidi. Na mbugani walichimba majaruba ya mpunga. Kwa hiyo mavuno hayakuja siku moja. Karanga zilitangulia, mpunga na mtama vikafuata, viazi vikachimbwa polepole, na mwisho kabisa zilikuja dengu, zilizopandwa mbugani mvua zikiisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ndani ya ardhi. Aliyejua ngazi hizi hakukosa kazi hata mwezi mmoja.

Neno kaya lenyewe lataka maelezo kidogo. Kiswahili cha ofisini hulitumia kwa kuhesabu watu wanaokula pamoja. Kwa Msukuma kaya ilikuwa mahali: nyumba za msonge, zizi la ng'ombe, vihenge vya nafaka, uwanja wa kupuria na ua wa minyaa ulioyazunguka yote, mashamba yakianza papo hapo nje ya ua. Kaya moja ilikuwa mbali na nyingine kiasi cha kusikia mwito, wala haikuwa karibu kiasi cha kusikia siri. Jambo hili tutalirudia, maana kazi na furaha zote tutakazozitaja zilitegemea mpango huo wa mahali.

Tuanze na viazi, kwa kuwa ndivyo vilivyoshughulisha mikono mingi zaidi. Kiazi kibichi hakikai muda mrefu baada ya kuchimbwa. Hapana budi kukikausha. Wanawake na wasichana waliketi kivulini asubuhi, wakavimenya, wakavikata vipande vyembamba, wakavianika juani, hasa juu ya majabali, ambayo hushika joto na hayana vumbi. Vipande hivyo ndivyo michembe. Vingine vilichemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hivyo huitwa matobolwa. Mgeni huvichanganya, lakini mtoto wa kaya hakuvichanganya kamwe. Michembe ilikuwa akiba, ya kupikwa miezi ya njaa pamoja na karanga au kuliwa na maziwa ya mgando. Matobolwa yalikuwa matamu, yenye kutafunika, yakaibwa na watoto kutoka jabalini kabla hayajakauka. Mama alijua, akafumba macho kwa kiasi fulani. Kisha alitoa sauti mara moja, na wizi ukakoma hata kesho.

Kazi ya pili ilikuwa kupura. Uwanja ulikanyagwa, ukapakwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, ukaachwa ukauke hata ukawa mgumu kama sakafu. Masuke ya mtama yalimwagwa katikati, na wapuraji wakasimama pande mbili wakielekeana, kila mmoja na fimbo yake. Upande mmoja ulipiga, wa pili ukainua. Sisi tuliokulia katika kaya za namna hii twakumbuka sauti hiyo hata leo: ilisikika toka mbali, na aliyejua kusikiliza aliweza kupambanua kaya iliyo na watu wengi na kaya iliyopungukiwa. Ndiyo maana jirani hawakungoja kuombwa mara mbili. Walikuja na fimbo zao, wakaimba, wakala chakula cha mwenyeji, wakanywa pombe yake ya mtama, na kesho mwenyeji akachukua fimbo kwenda kwao. Vijana walikuwa na kiongozi wao waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale, na aliyetaka msaada wa vijana wengi alimwendea huyo. Hans Cory, aliyechapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, aliandika juu ya cheo hicho; nacho chafaa kukumbukwa, maana hakikutoka kwa mtemi, bali kilitoka kwa vijana wenyewe.

Nafaka iliyopepetwa kwa ungo iliingia katika kihenge, chombo kikubwa kilichosukwa kwa fito, kikakandikwa, kikainuliwa juu ya mawe ili mchwa na panya wasikifikie, na kufunikwa kwa paa la nyasi. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kabla ya kufunika, mama wa nyumba alipima. Hakuandika, wala hakutangaza. Alijua kwa kikapu chake ni vikapu vingapi vimeingia, na kikapu kimoja kinalisha watu wangapi kwa siku ngapi. Akagawanya moyoni mwake mafungu matatu. La kwanza ni chakula mpaka mavuno mengine. La pili ni mbegu, ambayo haikuguswa hata njaa ikilia mlangoni. Lililobaki, kama lilibaki, ndilo la kukirimia wageni, la pombe ya kazi, la arusi na la ngoma.

Tuangalie vema mpango huo, kwa kuwa wageni hawakuuona. Furaha za kipupwe hazikuchukuliwa katika fungu la chakula. Zilitoka katika fungu la tatu, baada ya kupima. Mwaka wa mavuno mema ngoma zilikuwa nyingi na za siku nyingi. Mwaka mbaya zilikuwa chache, na hapana aliyehitaji kuzikataza. Aliyetaka kujua hali ya vihenge vya nchi angaliweza kuijua kwa kusikiliza ngoma zake.

Wanaume nao walikuwa na zamu zao. Nyasi za kuezekea hufaa zikatwe zikiisha kukauka, kabla ya moto kupita porini. Basi walizikata, wakazifunga matita, wakaezeka upya mapaa yaliyovuja masika iliyopita. Walipunguza ua wa minyaa, wakitahadhari na utomvu wake, ambao ukiingia jichoni huumiza vibaya sana. Ng'ombe waliachiwa waingie mashambani kula mabua, wakayalipa mashamba kwa samadi. Lakini mzee mwenye busara hakuyategemea mabua peke yake: alikwisha kutenga sehemu ya malisho tangu mvua, isiguswe na mnyama yeyote hata ukame uzidi. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Twaona ya kuwa ni akili ile ile ya kihenge, ila kihenge hiki ni cha ng'ombe.

Tena liko Ziwa. Wasukuma walio wengi ni wakulima na wafugaji, na uvuvi ulikuwa hasa kazi ya jirani zao wa visiwani na wa pwani za Ziwa, kama Wakerewe, Wakara, Wajita na Wazinza. Hata hivyo kaya za ukingoni kama za Nyegezi zilitega migono, na zilibadilishana nafaka kwa samaki waliokaushwa: ngege, ningu, kambare, kamongo, na furu wadogo wadogo waliokuwa chakula cha kila mtu. Kipupwe ndicho kilichofaa kwa biashara hiyo, kwa kuwa nafaka ilikuwapo na jua la kukaushia lilikuwapo. Mtoto aliyetumwa ufukoni na kikapu cha mtama akarudi na furu alijiona amekwenda safari kubwa, na njiani kote alitafuna bua tamu la mtama.

Jioni, kazi ikiisha, wanaume na wavulana walikaa shikome. Shikome ni moto uwashwao uani, karibu na zizi, nao ulikuwa shule kabla ya shule. Hapo wavulana walifundishwa ukoo wao, mipaka ya mashamba, majina ya ng'ombe na adabu ya kusema mbele ya wakubwa. Hapo pia palitegwa vitendawili: mmoja husema, «Kalagu!» nao wengine huitikia, «Kize!» Mchana, palipopatikana nafasi, wazee walicheza isolo, ule mchezo wa mashimo na kete ambao pwani huitwa bao, na watoto waliowatazama walijifunza hesabu bila kujua kwamba wanajifunza. Baridi ya kipupwe ndiyo iliyowaleta watu wote karibu na moto. Na masika, mvua ikinyesha usiku, shikome haikuwa na raha ile.

Juu ya yote hayo zilikuja ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo kwa masimulizi yao vilianzishwa na waganga wawili washindani, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha kuwekwa, vyama hivyo huitana, kila kimoja upande wake wa uwanja, vikicheza wakati mmoja. Na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Ndiyo sababu kila upande ulibuni mambo mapya kila mwaka. Kulikuwa na wachezaji wa nyoka, Bayeye, na wawindaji wa nungu, Banunguli, kila kundi na nyimbo zake. Nyimbo hizo hazikuwa kelele tu. Ndani yake watu walisifu, walilaumu, walitangaza habari za mwaka, na mwenye kuonea wenzake alijisikia akitajwa hadharani.

Sasa tueleze jinsi mpango huu ulivyotikiswa. Wajerumani walileta kodi ya nyumba iliyotakiwa kulipwa, wakahimiza pamba, na Waingereza waliowafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaendelea. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba ikapata njia rahisi ya kwenda pwani; na katika miaka ya 1930 kituo cha Ukiriguru, kusini mwa Nyegezi, kilianza kuzalisha mbegu bora. Lakini pamba huchumwa kipupwe. Mikono ile ile iliyokata viazi na kupura mtama ikatakiwa pia kuchuma pamba, kuichagua kwa makini, safi mbali na fifi mbali, kuifunga na kuichukua gulioni. Kisha kung'oa miti yake na kuichoma kabla ya mvua, ili wadudu wasibaki. Wale waliodhani kipupwe ni miezi mitupu waliijaza kazi, wasijue ya kuwa ilikuwa imejaa tangu zamani.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la kipimo. Mtama ulipimwa na mama kwa kikapu chake mwenyewe. Pamba ilipimwa na mnunuzi kwa mizani yake. Malalamiko ya wakulima juu ya mizani hiyo yalikuwa sababu mojawapo iliyowafanya waungane katika vyama vya ushirika, wakiongozwa na Paul Bomani, hata mwaka 1955 ukaundwa ule muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Victoria. Na hatupaswi kusema kwamba pamba ilileta hasara tu. Ilinunua baiskeli, kanga, sukari na mabati. Ililipa ada za shule, na wengi wetu tulisoma kwa fedha hiyo. Twasema hili tu: fedha haina mafungu matatu. Haimwambii mtu ni ipi ya chakula, ni ipi ya mbegu na ni ipi ya furaha. Kaya iliyouza pamba yake na kula fedha yote kabla ya Oktoba ilijikuta na kihenge kitupu, wala ngoma ya Julai haikuwa imetoa onyo lolote.

Kisha mahali penyewe palibadilika. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza ya kuwa watu wote wa vijijini waishi katika vijiji vya pamoja, na mwaka 1974 kaya nyingi za mkoa wa Mwanza zilihamishwa. Nia ilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, zahanati na maji. Lakini minyaa iliachwa nyuma, na toka shambani hata nyumbani pakawa safari. Karibu na miaka hiyo akaingia nchini dumuzi, mdudu atobaye mahindi na mihogo mikavu, na watu wakazoea kuweka nafaka katika magunia yenye dawa. Ziwani nako sangara, aliyetiwa majini katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka sana, na furu wakapungua mno katika miaka ya 1980. Nyegezi yenyewe leo ni sehemu ya Jiji la Mwanza, yenye kituo cha mabasi na vyuo. Kile kilichoanzishwa mwaka 1960 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Wanafunzi hupita mahali palipokuwa na uwanja wa kupuria, wasijue.

Hata hivyo si yote yaliyopotea, na mengine yamerudi kwa njia isiyotazamiwa. Shinyanga, mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1986, HASHI, uliona ya kuwa dawa ya ukame ilikuwa tayari mikononi mwa wazee, ukaifufua ngitili. Nako Bujora, mashariki ya Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika aliona tangu miaka ya 1950 kwamba ngoma ambazo wenzake wengi walizikataza zaweza kusikilizwa badala ya kufukuzwa. Bulabo, sikukuu ya Mwili wa Kristo ambayo jina lake lina maana ya maua, huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni, vihenge vikianza kujaa. Ndipo Bagika na Bagalu hukutana huko kushindana. Hatudhani ilikuwa bahati tu kwamba sikukuu hiyo ilishika mizizi kuliko nyingine: iliwakuta watu wakati wamekwisha kupima, nao wana fungu la kutoa.

Tungependa basi walimu wenzetu wafanye kazi moja ndogo. Somo la majira likifika, wasianze na kitabu. Wawape wanafunzi siku mbili wakaulize nyumbani: viazi huanikwa wapi, michembe na matobolwa hutofautianaje, kihenge kilisukwa kwa mti gani, na bibi alijuaje ya kuwa chakula kitatosha mpaka mavuno mengine. Swali hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo lenye haraka, kwa kuwa waliolijua kwa mikono yao wamebaki wachache. Majibu yaandikwe kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili, pamoja na jina la mahali yalipopatikana. Atakayekusanya maneno ya kihenge na vipimo vyake kutoka kaya kumi tu za ukingo wa ghuba hii atakuwa ametufanyia sisi sote kazi ambayo ilipasa kufanywa zamani.